Nondo Kando ya Kaburi la Kaijage

Restituta hakuwahi kumpa mtu kitu ambacho yeye mwenyewe hajakionja. Ukifika kwake Nyanga, hata kama umepita tu kuulizia mbuzi aliyekata kamba, atakuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo, na kabla mkono wako haujafika atachukua punje moja aitie kinywani. Wazee wetu walifanya hivyo ili mgeni asiingiwe na shaka. Wengi wetu siku hizi tunafanya upesiupesi, kutimiza tu. Restituta alifanya kama anayesali. Uji wa mgonjwa aliuonja, orubisi, pombe yetu ya ndizi, aliionja kabla ya harusi, maji ya kumwogeshea mtoto aliyapima kwa mkono wake kabla ya mkono wa mtu mwingine yeyote. Nilizoea kumtania kwamba siku moja ataonja sumu ya panya ahakikishe kama imekolea, naye alicheka mpaka kitambaa kikamvuka kichwani. Utani huo siufanyi tena na mtu.

Mimi ni jirani yake. Watu huniita Mama Johnson. Kati ya kibanja chake, shamba la migomba lenye nyumba ndani, na changu kuna safu ya milamula tu, ile mimea ya mpaka, na kwa miaka yote tuliyokaa pale tulipitiana bila kubisha hodi. Yeye Mkatoliki wa Kashozi, aliyelelewa kwa kengele ya misheni na rozari. Mimi Mlutheri, na mdomo wangu, kama wasemavyo watu, ulisahauliwa siku ya ubatizo. Nayasema haya mapema ili anayesoma ajue kwamba anasoma maneno ya mtu mwenye hasira. Hasira hiyo haijanitoka, na sina haraka ya kuitoa.

Mumewe, Kaijage, alikuwa karani wa kahawa mjini Bukoba, mtu mpole aliyependa redio kuliko maongezi. Alipofariki alizikwa nyuma ya nyumba, migombani, hatua chache kutoka bafuni. Kwetu hilo halina ajabu. Ukitoka nje ya kibanja unakanyaga rweya, nyasi juu ya jiwe, jembe linalia tu. Udongo wa kina ni ule wa kibanja, uliolishwa samadi na matandazo tangu enzi za mababu, na mababu wenyewe wamo humohumo. Kila asubuhi Restituta alipokwenda kukata majani ya ndizi alimsalimu mumewe, akamweleza nani amefiwa na nani ameposa. Nilimsikia kwa masikio yangu, wala hakuwa amerukwa na akili.

Mungu aliwapa mtoto mmoja, Hellen, aliyeolewa Mwanza. Mtoto wa kiume hawakupata, na hapo ndipo penye kidonda. Kibanja kwetu ni cha ukoo, na mjane asiye na mtoto wa kiume anakaa humo kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake msibani, hajui ni lini ataambiwa ainuke. Msimamizi wa ukoo alikuwa Damian, mdogo wake Kaijage. Huyo hakumtisha Restituta hata siku moja. Alikuja Jumapili baada ya misa, akazunguka migombani mikono nyuma, akasema kwa upole, "Kibanja ni cha ukoo, shemeji." Basi, hana la zaidi. Neno hilo lilimtosha Restituta wiki nzima.

Mwaka jana Hellen akapata mimba, baada ya kungoja sana na kupoteza nyingine. Akasema atakuja kujifungulia kwa mama yake. Lo! Restituta alinijia mbio kupitia milamula akiwa na kiatu kimoja. Tangu siku hiyo hakuwa na wazo lingine. Masika ya Bukoba mnayajua: mvua haijui kupumzika, baridi inapanda kutoka ziwani inaingia kwenye mifupa, na mzazi hawezi kuoga maji ya baridi. "Mimi nilioga maji ya kuni na moshi machoni," aliniambia. "Mwanangu ataoga maji ya moto yanayotoka ukutani. Naweka hita."

Nikamwambia nyumba yake haistahili hita, inastahili kuombewa. Umeme ule uliwekwa na rafiki yake Kaijage zamani, siku ambazo balbu moja sebuleni ilikuwa fahari. Panya walikuwa wamekula ngozi za nyaya darini. Soketi ya jikoni ilikuwa nyeusi kama sufuria, na swichi ya chumbani aliiwasha kwa kuigonga kwa mwiko. Aliniangalia kwa macho ya mtu aliyekwisha amua. "Basi nitafutie fundi," akasema.

Nilimletea Elieza, mtu wa Muleba aliyewahi kufunga umeme kanisani kwetu. Elieza ni mfupi, mwepesi wa kukasirika, na ana tabia ya kuigombeza nyumba kana kwamba nyumba ina masikio. Alipopanda darini tulimsikia akifoka huko juu. Aliposhuka, nywele zimejaa utando wa buibui, alikuwa ameshika kipande cha waya kilicho uchi.

"Mama," alimwambia Restituta, "nyumba hii imewavumilia sana."

"Unaweza kuitibu?"

"Naweza. Lakini nikianza usiniletee habari za kubakiza hapa na pale. Mgonjwa hatibiwi nusu."

Alifanya kazi vizuri, sitamwonea. Alivuta nyaya mpya, akabadilisha soketi, akaondoa ule mwiko kazini. Hita akaifunga bafuni, na bomba jipya la chuma chini yake. Kosa lake alilisema mwenyewe baadaye, mbele za watu: kile kifaa kinachokata umeme chenyewe ukianza kuvuja hakikuwa madukani mjini, akaagiza Mwanza, lakini hita akaiwasha kabla hakijafika. Restituta alimbembeleza. Hellen alikuwa anakaribia, na Elieza alikuwa ameahidi kazi kisiwani Bumbire ambako wavuvi walikuwa wanamngoja. Akajipa moyo kwamba nondo ya ethi itatosha hadi arudi.

Nondo hiyo ni fimbo ndefu ya chuma iliyopakwa shaba. Inapigiliwa ardhini, inaunganishwa na nyumba kwa waya wa kijani na njano, ili umeme unaovuja ushuke udongoni usimguse mtu. Elieza alijaribu kuipigilia mbele ya nyumba, ikalia juu ya jiwe. Akajaribu kando ya jiko, ikalia vilevile. Akazunguka nyumba nzima akigonga na kulaani, mpaka akafika nyuma, pale maji ya bafuni yanapotiririkia migombani. Pale nondo ilizama kwa pigo la kwanza. Kisha akaona msalaba wa Kaijage, karibu kiasi cha kuugusa, akavua kofia.

"Mama, nisamehe. Sikuona."

Restituta alisogea akasimama kichwani mwa kaburi. Akaweka mkono kwenye msalaba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma namenya ndizi, nikaacha kumenya.

"Hakuna pengine?" akauliza.

"Kwingine kote ni jiwe. Udongo wenye kina na unyevu ni huu tu."

"Kaijage hakuwa mtu wa ugomvi," akasema Restituta. "Piga."

Elieza akapiga hadi kikabaki kipande kama kidole gumba juu ya ardhi, akafunga waya. Ndipo akatuita wote wawili, mwenye nyumba na mdaku wake, akatuonyesha kwa nyundo. "Umeme ukivuja unatafuta njia ya kwenda chini. Njia ni hii. Mkiuziba mlango huu, utapita kwa mtu. Mtu aliyelowa, aliye pekupeku, sakafuni bafuni. Mmenielewa?" Tukasema tumeelewa. Siku iliyofuata akaondoka kwenda Muleba kupanda mtumbwi wa injini wa kwenda Bumbire.

Jumapili Damian akaja kama kawaida yake, bado ana suti ya misa. Akazunguka migombani. Nilimwona akisimama, akiinama, akiinuka polepole. Aliporudi uani uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani amemchoma kaka yangu chuma kichwani?"

Restituta alipiga magoti kumsalimu, na salamu haikuitikiwa. Akaeleza habari za jiwe, za hita, za mzazi anayekuja. Damian alimsikiliza. Nasema tena hakuwa mtu mbaya, na naandika hivyo kwa shida. Alimpenda kaka yake. Kaijage ndiye aliyemsomesha, na siku ya mazishi yake Damian alitaka kuruka kaburini, wanaume wakamshika. Alipoitazama ile nondo aliuona mwili wa kaka yake umetobolewa.

"Tangu lini mtu wa ukoo wetu akapigiliwa kama nguzo ya uzio?" akasema. "Wagonjwa wataanza kuonekana. Watoto wataanza kufa tumboni. Ndicho unachomtakia Hellen?"

Hapo alimgusa penye kidonda. Restituta akashika kifua. Mimi nikashindwa kuvumilia.

"Damian, fundi amesema bila hiyo nondo mtu atakufa bafuni."

"Mama Johnson, wewe si wa ukoo huu."

"Umeme nao si wa ukoo huu. Hautauliza."

"Wala wewe si wa kanisa hili," akamalizia, akanipa mgongo. Kisha akamgeukia Restituta kwa ile sauti yake ya upole. "Shemeji, kibanja ni cha ukoo."

Restituta alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama chini. Najua alikuwa anahesabu nini moyoni. Akikataa, Hellen atafika na mtoto akute mama yake hana tena nyumba. Akasema, "Fanya unavyoona, baba." Damian akakata ule waya wa kijani na njano kwa panga, akaitikisa nondo huku na huku mpaka udongo ukaiachia, akaing'oa. Mgomba mmoja jirani ulikuwa umeinama kwa mkungu mzito, akautegemeza kwa nondo hiyohiyo. Akapiga ishara ya msalaba, akanywa chai, akaondoka.

Nilijaribu kumpigia Elieza jioni ileile. Hapatikani. Kesho yake hapatikani. Huko Bumbire mtandao unakuja na kuondoka kama mvuvi mwenye madeni. Nilimpa ujumbe mama mmoja wa samaki anayekwenda visiwani, akanirudishia jibu kwamba fundi amehamia kijiji kingine cha kisiwa.

Mvua zikazidi. Tukaja kuelezwa baadaye kwamba maji yalikuwa yakipenya kwenye bati na kudondokea nyaya darini, juu ya bafu. Sisi tulichojua ni kwamba siku moja Restituta alinijia amejishika vidole.

"Bomba linauma," akasema.

"Linauma vipi?"

"Kama siafu. Unaligusa, linakuuma mpaka kwenye kiwiko."

Nikaenda. Sikulishika, nililigusa kidogo tu kwa mgongo wa kidole, nikasikia kitu kama kunong'onezwa na ukucha. Nywele za mkono zikanisimama. Nikamwambia azime meni swichi, nyumba nzima ikae giza hadi Elieza arudi. Akasema atazimaje wakati simu inahitaji chaji, na Hellen amefika kutoka Mwanza, yuko hospitalini mjini tangu jana, uchungu unaweza kuanza saa yoyote? Tukakubaliana kwamba hatagusa hita wala bomba, atachota maji kwenye tangi la nje na kuchemsha kwa kuni. Kwa siku kadhaa alitimiza. Kuku wake mmoja aliokotwa amekufa kwenye maji yaliyotuama bafuni, miguu imenyooka. Restituta alimfukia bila kusema neno.

Lakini alimwambia Damian. Angefanyaje? Na Damian, badala ya kutafuta fundi, alisikia alichokuwa tayari kukisikia.

"Kaka bado ana kinyongo," akasema. "Tumeondoa chuma, hatujamwomba radhi."

Basi wakamwomba radhi. Walisali rozari pale kaburini kwenye mvua, Damian akamimina orubisi kwenye lile tundu la nondo, akalifukia vizuri, akalikanyaga kwa kisigino. Niliwaona kutoka kwangu. Restituta alikuwa anatetemeka, na kitambaa chake cheupe kilikuwa kimegandamana na kichwa. Nitakuambia kilichoniumiza: aliamini. Mwanamke aliyeongea na mumewe kila siku atashindwaje kuamini kwamba mumewe naye ana neno la kusema? Kwake ilikuwa rahisi kuamini kwamba Kaijage anamuuma kuliko kuamini kwamba Kaijage hayupo kabisa.

Hellen akajifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya kurudi nyumbani mimi nilikuwa soko la mjini tangu asubuhi, nimepeleka ndizi. Na asubuhi hiyo umeme ulikuwa umekatika Nyanga nzima. Mimi sikujua, na wao hawakujua pia. Ni mchana, nani anawasha taa? Damian alikuja mapema kumpokea mjukuu. Wakaenda bafuni yeye na shemeji yake, akamwambia, "Gusa sasa." Restituta akagusa bomba kwa kidole kimoja. Kimya. Akalishika kwa kiganja. Kimya. Akalikumbatia kwa mikono yote miwili, akaanza kulia kwa furaha.

"Amesamehe," Damian akasema, wakaiwasha hita.

Haya yote Hellen alinisimulia baadaye, maana aliyakuta yakisimuliwa kwa shangwe alipofika. Mama yake alikuwa amemficha habari za bomba kuuma. Mzazi haambiwi mambo ya kumtia hofu.

Nilirudi alasiri, nimelowa, kikapu kitupu kichwani. Kutoka barabarani niliona balbu ya veranda ya Restituta inawaka mchana kweupe. Nikafikiri, loo, furaha imemfanya asahau taa. Nikasikia vigelegele, nikasikia sauti yake ikimpongeza Hellen kwa kujifungua, "Kasinge waitu, kasinge!" Nikatabasamu peke yangu. Nilikuwa nabadilisha kanga niende kumwona mtoto, simu ikalia. Elieza.

"Mama Johnson! Nimepanda juu ya jabali ndiyo napata mtandao. Ulikuwa unanitafuta?"

Nikamweleza kwa mkato. Damian, nondo, siafu, kuku.

"Meni swichi imezimwa?" akauliza.

"Hapana. Taa inawaka."

"Uko wapi?"

"Kwangu."

"Usiongee na mimi. Kimbia ukazime."

Nilikimbia. Niliacha simu, niliacha kanga, nilipita milamula na gauni la ndani, mwanamke wa umri wangu. Damian alikuwa verandani amekaa na bilauri mkononi, ameridhika, akainuka kunishangaa. Nikamsukuma. Ndani, mlangoni mwa bafu, Hellen alikuwa amekaa kwenye kigoda amejitanda kanga, mtoto mapajani, anangoja zamu yake. Mvuke ulikuwa unatoka. Ilikuwa nzuri, nakumbuka, harufu ya maji ya moto na sabuni ya mtoto.

"Restituta, usiguse!" nilipiga kelele.

"Ngojeni," alijibu kutoka ndani, kwa ile sauti yake ya kumtuliza mgeni. "Ngojeni nipime kwanza."

Hakulia. Watu hunidai nieleze, na mimi sina cha kueleza zaidi ya hicho: hakulia. Nilisikia kopo likianguka sakafuni na maji yakiendelea kumwagika. Nilikuwa na mkono kwenye meni swichi, ukutani karibu na mlango wa bafu. Niliivuta chini, balbu ikazimika, nyumba ikanyamaza, na nilikuwa nimechelewa.

Hellen alitaka kuingia nikamzuia kwa mwili wangu, nikamwambia ashike mtoto, ashike mtoto tu. Damian ndiye aliyeingia. Alimtoa shemeji yake amembeba mikononi kama bibi harusi, maji yanamchuruzika kwenye suti, akamlaza sebuleni, akaanza kumsugua viganja na kumwita jina lake la utotoni, ambalo sikujua kwamba analijua. Hospitalini walitwambia tulichokwisha kujua.

Wasifu uliosomwa msibani ulisema marehemu alikuwa mcha Mungu, mkarimu, na kwamba alifariki kwa ajali ya nyumbani. Ajali ya nyumbani. Kama vile amejikwaa kwenye zulia. Wanaume chini ya turubai walikuwa na lugha nyepesi zaidi: fundi ameua. Neno likazunguka pamoja na chai. Elieza alipofika, moja kwa moja kutoka mtumbwini, suruali imelowa hadi magotini na mkoba wa vifaa begani, walimzunguka. Mmoja alikuwa tayari ameokota mpini wa jembe.

"Hita niliiwasha kabla ya wakati," Elieza aliwaambia. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Hilo ni langu, na nitalijibu kwa Mungu. Lakini niliacha nondo ardhini. Nani ameitoa?"

Nilimtafuta Damian kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na kaburi jipya, kando ya la kaka yake, udongo umerundikwa.

"Mtegemezo wa ule mgomba, mnauona?" nikasema kwa sauti ya kutosha. "Nendeni mkaushike muone kama ni mti."

Watu wakageuka. Nondo ilikuwa imesimama pale, shaba inang'aa kwa mvua, mkungu wa ndizi umeilalia. Wote walikuwa wamepita kando yake wakienda kuchimba kaburi. Mwenye mpini wa jembe akauweka chini. Damian hakukana. Alivua kofia tu, na tangu hapo sijamwona nayo. Tukamzika Restituta.

Nyumba ilikaa giza muda wote wa msiba. Baada ya wageni kutawanyika Elieza alirudi, safari hii na kile kifaa kutoka Mwanza. Aliing'oa hita, akaziba bati, akakausha na kubadilisha nyaya za darini. Kisha akatwambia asingewasha hata taa moja bila nondo kurudi ardhini. Tulikuwa nyuma ya nyumba, yeye, mimi, Hellen na mtoto, na Damian ambaye alikuwa akija kila siku na kukaa tu.

"Itafutiwe mahali pengine," Damian akasema.

"Kwingine ni jiwe," Elieza akajibu. "Kuna hapo pa zamani, na kuna hapo katikati ya makaburi mawili. Hapo katikati ni pazuri zaidi."

"Kibanja ni cha..." Damian alianza. Hakumaliza.

Hellen alimfungua mtoto mgongoni, akaenda hadi alipo Damian, akamweka mikononi mwake. Damian alikuwa hajawahi kumshika. Mtoto akaanza kulia, uso mwekundu, ngumi juu.

"Mshike, baba mdogo," Hellen akasema. "Bafu lake ni lile, na kaburi la baba ni lile, na la mama ni lile. Sasa niambie nani asogee."

Damian alimtazama mtoto. Midomo yake ilikuwa inacheza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumtukana, nilikuwa nimeliweka tusi tayari kinywani tangu siku ya kifo, na nilipomwona namna ile likanikwama. Alipiga goti matopeni, mtoto kifuani, mbele ya misalaba miwili.

"Kaka," akasema. "Shemeji. Sogeeni."

Elieza akasimamisha nondo katikati yao, akainua nyundo. Haikuhitaji nguvu. Udongo wa upande wa Restituta ulikuwa bado laini.